Houston Rockets 2020: ribaundi ilipotea kabla mpira haujatupwa

Septemba 10, 2020, Houston Rockets walitoka uwanjani wakiwa na ribaundi 26, yaani mipira waliyoidaka baada ya mtupo kukosa. Los Angeles Lakers walikuwa nazo 52, mara mbili kamili. Ilikuwa mechi ya nne ya nusu fainali ya Ukanda wa Magharibi, ndani ya kambi ya Orlando ambako NBA ilijifungia wakati wa korona, bila shabiki hata mmoja jukwaani. Huku Dar es Salaam kulikuwa hakujakucha. Niliitazama kwenye simu, chaji ikiwa imebaki kidogo, na ilipofika robo ya pili niliacha kuhesabu pointi nikaanza kuhesabu ni mara ngapi mtu wa Houston anaruka akiwa nyuma ya mtu wa Lakers badala ya mbele yake.

Lakers walishinda 110-100. Kulipokucha, kila niliyezungumza naye alikuwa na jibu moja: Rockets ni wafupi, walitegemea nini? Jibu hilo nimelisikia tangu siku ile mpaka leo, na bado silikubali. Ufupi ulikuwepo, hakuna anayebisha. Lakini ukiishia kwenye ufupi, kuna mambo yaliyotokea kabla na baada ya mechi ile ambayo hutaweza kuyaeleza.

Tuanze na timu yenyewe. Houston si watu wa kudharau ribaundi. Kwenye jezi hiyo Moses Malone alikusanya ribaundi 587 za ushambuliaji, zile za mitupo iliyokoswa na timu yake mwenyewe, katika msimu wa 1978-79, na rekodi hiyo haijavunjwa. Hakeem Olajuwon, Mnigeria, aliongoza ligi nzima kwa ribaundi misimu miwili mfululizo, 1988-89 na 1989-90, kisha akawaletea ubingwa wa 1994 na 1995. Yao Ming alikuwa na mita 2.29. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alimalizia maisha yake ya uchezaji hapo mwaka 2009. Hata Hasheem Thabeet wetu, mita 2.21, aliivaa jezi hiyo baada ya kuhamishwa kutoka Memphis mwezi Februari 2011, ingawa alipata mechi chache sana. Kwa miaka mingi klabu hii ilikuwa nyumba ya watu warefu.

Halafu Februari 2020 wakamwachia senta wao, mtu mrefu wa chini ya kikapu.

Clint Capela, mita 2.08, mzaliwa wa Geneva mwenye baba Mwangola na mama Mkongo, alikuwa anakusanya ribaundi 13.8 kwa kila mechi msimu ule. Meneja mkuu Daryl Morey alimpeleka Atlanta katika biashara iliyohusisha timu 4 na wachezaji 12. Aliyekuja Houston ni Robert Covington, fowadi wa mita 2.01, mlinzi mzuri na mtupaji wa mbali. Nafasi ya senta akapewa P.J. Tucker. Mita 1.96.

Haukuwa uamuzi wa kichaa, na walioucheka siku ile hawakuitendea haki hesabu iliyokuwa mezani. Russell Westbrook alikuwa amefika Houston msimu huohuo. Nguvu yake ni kuingia ndani kwa kasi. Mtupo wake wa pointi tatu, ule wa mbali, ulikuwa mbovu, akifunga kama robo tu ya aliyojaribu. Capela naye hakuwa na mtupo wa mbali kabisa, kwa hiyo mlinzi wake alibaki chini ya kikapu bila wasiwasi, na kila Westbrook alipoingia alimkuta mtu mrefu anamsubiri. Ukimwondoa Capela na kumweka Tucker kwenye kona, mlinzi yule inabidi amfuate huko, na njia inakuwa nyeupe. Capela pia alikuwa anasumbuliwa na kisigino. Kocha Mike D'Antoni amekuwa akipenda timu nyepesi tangu enzi zake za Phoenix, na alikuwa amelijaribu jambo hili hata kabla ya biashara. Januari 31 Rockets waliwafunga Dallas 128-121 bila kumtumia mchezaji yeyote aliyezidi mita 1.98, jambo ambalo NBA haikuwa imeliona tangu mwaka 1963.

Wakijua watapoteza ribaundi, waliikubali hasara hiyo mapema, kama mfanyabiashara anayejua gunia fulani litavuja njiani lakini faida ya safari itafidia. Faida yenyewe ilikuwa mitupo ya pointi tatu, zaidi ya 45 kwa mechi, mipira ya kunyang'anya, na Westbrook akiwa huru.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Februari 6, mechi ya kwanza baada ya Capela kuondoka, waliwafuata Lakers nyumbani kwao wakawafunga 121-111, Westbrook akitupia pointi 41. Mwisho wa mwezi wakawashinda Boston 111-110 baada ya muda wa nyongeza. Kisha Machi wakapoteza nne mfululizo, dhidi ya New York, Clippers, Charlotte na Orlando. Tatu kati ya timu hizo hazikuwa na cha kujivunia msimu ule. New York walipata pointi mbili tu zaidi ya Houston, 125-123, na waliotazama mechi ile watakumbuka jinsi watu wao wa ndani walivyokuwa wanajirudishia mipira. Pale ilionekana dalili. Siku chache baadaye ligi ikasimama kwa ajili ya korona, na dalili ile ikasahaulika.

Timu ikamaliza msimu kwa ushindi 44 na vipigo 28, nafasi ya nne Magharibi. Kwenye mtoano wakapangwa na Oklahoma City Thunder, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, walipodanganyika. Senta wa Thunder alikuwa Steven Adams wa New Zealand, mita 2.11, mtu mwenye mabega ya kubeba jokofu peke yake. Kila mtu alisema Adams atawatafuna hai. Hawakuliwa. Ziliisha mechi saba, ya mwisho 104-102, James Harden, mfungaji mkuu wa Houston, akiuzuia kwa mkono mtupo wa Luguentz Dort sekunde za mwisho. Ulinzi wa Houston ulikuwa mkali kuliko ulivyokuwa msimu mzima, na Tucker alimkaba Adams kwa namna inayostahili kutazamwa polepole. Hashindani naye kuruka. Anashuka, kama mtu anayetafuta kigoda cha kukalia, magoti yamekunjwa, makalio yamegusa mapaja ya Adams, mkono mmoja nyuma unamsikiliza yuko wapi, na anamsogeza hatua moja, mbili, mpaka Adams anajikuta yuko chini ya ringi kabisa, mahali ambapo mpira haudondoki. Mtu wa mita 2.11 aliye chini ya nyavu hana faida yoyote juu ya mtu wa mita 1.96 aliyeko hatua moja mbele yake.

Wachezaji wetu wa mitaani wanaujua mchezo huu bila kufundishwa jina. Kuna zoezi ambalo makocha wengi wa vijana wanalo: mpira unawekwa chini katikati ya duara, vijana wawili wanasimama, mmoja anampa mgongo mwenzake, na kazi yake ni kumzuia asiufikie mpira kwa sekunde tano. Nimeona kijana mfupi kuliko wote akimshinda jitu, mara tatu mfululizo, kwa sababu ya nyonga na miguu. Ndiyo maana Dennis Rodman, mita 2.01, aliongoza NBA kwa ribaundi misimu saba mfululizo, na Charles Barkley, aliyeandikwa kuwa na mita 1.98, akaongoza msimu wa 1986-87. Kwa hiyo anayesema "wafupi" inabidi anieleze Rodman, na anieleze Tucker akiwa na Adams.

Houston wakatoka kwenye mfululizo ule wakiamini hasara yao ya ribaundi ina ukubwa unaojulikana. Walikuwa wameipima kwa senta mmoja mzito asiyetoka nje, na Lakers hawakuwa na sababu ya kuwaletea mtu wa namna hiyo.

Mechi ya kwanza, Septemba 4, Rockets walishinda 112-97, Harden akifunga 36, na kwa saa ishirini na nne dunia ikasema mfumo umejibu. Baada ya hapo Lakers wakashinda nne: 117-109, 112-102, 110-100, 119-96. Kilichofanywa na kocha Frank Vogel ni kinyume cha alichotegemea kila mtu. Badala ya kuwaongezea Houston urefu, aliupunguza. JaVale McGee, senta wa mita 2.13, alianza mechi za mwanzo, kisha mechi ya nne nafasi yake ikachukuliwa na Markieff Morris, fowadi. Dwight Howard, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa senta wa Houston, hakuwa na kazi kubwa katika mfululizo ule. Anthony Davis, nyota wao wa pili baada ya LeBron James, akasogea katikati kucheza kama senta. Na ni katika mechi hiyo ya nne, Lakers wakiwa wamepunguza warefu wao, ndipo Houston walipopigwa 52 kwa 26. LeBron James alichukua ribaundi 15, Davis 12. Watu wawili 27, timu nzima ya pili 26.

Tarakimu hiyo mimi ndiyo inanizuia kulala na jibu la ufupi. Kama tatizo lingekuwa urefu peke yake, pengo lingekuwa kubwa zaidi McGee akiwa ndani, na dogo akiwa nje.

Kabla sijaendelea, hesabu za ribaundi zinahitaji tahadhari. Ribaundi inatokana na mtupo uliokosa. Timu inayofunga sana haimwachii mpinzani mabaki ya kuokota, na timu inayokosa sana inamjazia mpinzani ribaundi za ulinzi bila yeye kutoka jasho. Lakers usiku ule walikuwa wanafunga kirahisi. Walipata pointi 62 ndani ya eneo la chini ya kikapu, Houston 24. Kwa hiyo sehemu ya lile pengo la 26 haina uhusiano na nani alimsukuma nani. Lakini ukizisoma 62 na 24 pamoja na 52 na 26, unaona kitu kimoja kikisemwa mara mbili: Lakers waliishi karibu na ringi na Houston waliishi mbali nayo, wakati wa kushambulia na wakati wa kulinda.

Wakati wa kushambulia hakuna siri. Wachezaji wote watano wa Houston walisimama kwenye mstari wa pointi tatu, ambao katika NBA uko mita 7.24 kutoka kikapuni, na kwenye kona mita 6.70. Mmoja akiingia ndani, wanne wako huko nje. Mtupo ukikosa hakuna wa kwenda. Walilijua hilo na walilikubali, kwa sababu wanne walio nje wanawahi kurudi kulinda. Sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu uko upande wa pili. Ulinzi wa Houston ulijengwa juu ya kubadilishana watu. Lakers wakiweka kizuizi, yaani mmoja wao akisimama kumziba mlinzi wa mwenzake, walinzi wawili wa Houston wanabadilishana: wa LeBron anamchukua Davis, wa Davis anamchukua LeBron. Faida yake ni kwamba hakuna anayeachwa wazi. Hasara yake ni hii: fikiria Tucker anamkaba Davis. LeBron anamwita Davis amwekee kizuizi juu kabisa, mbele ya mstari wa tatu. Wanabadilishana. Sasa Tucker, mtu anayejua kutoa mgongo kuliko wote uwanjani, yuko mita saba kutoka kikapuni anamwangalia LeBron usoni, na Davis anashuka ndani akiwa na Eric Gordon mgongoni, mita 1.91. Gordon ana nguvu, Harden ana nguvu, wote wawili walipigana. Ila Davis hana haja ya kupigana nao kwa sababu anaupokea mpira juu ya vichwa vyao.

Houston wakaanza kutuma mtu wa pili. Mpira unapomfikia Davis au LeBron, wawili wanamfuata, na nyuma wanabaki watatu dhidi ya wanne. Pasi inatoka, mlinzi wa Houston anakimbia kwa nguvu zote kumfuata mtupaji aliye wazi, mikono juu, uso umeelekea nje. Mtupo unaondoka. Yule mlinzi hana mgongo wa kumpa mtu yeyote. Hajui hata aliyepita nyuma yake ni nani. Mpira ukigonga ringi, watu watatu wa Lakers wanaangalia ndani na watu wanne wa Houston wanaangalia nje.

Ribaundi hiyo imepotea kabla mpira haujaondoka mkononi. Urefu unaongeza chumvi tu.

Kuna suala la Westbrook pia, ambalo halikupewa uzito. Westbrook alijulikana kama gadi, mchezaji wa nje anayeendesha mpira, anayekusanya ribaundi kuliko gadi yeyote wa kizazi chake. Msimu wa 2016-17 Oklahoma alikuwa na wastani wa 10.7. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba Capela akiondoka, Westbrook ataziba. Lakini kule Oklahoma aliyekuwa anawazuia watu ni Adams, yuleyule wa mabega. Adams anawapa mgongo wawili, haugusi mpira kabisa, Westbrook anatokea kasi na kuuokota mahali palipokwisha kusafishwa. Kwenye karatasi ribaundi ni ya Westbrook. Houston walipomwondoa senta, walimwondoa na mfagiaji. Tucker alifanya kazi hiyo alipokuwa karibu, ila kama nilivyoeleza, mara nyingi alikuwa mbali, na Covington ni mtu wa kunyang'anya mipira kuliko wa kusukumana. Isitoshe, Westbrook aliingia mtoanoni akitoka kwenye maumivu ya paja, alikosa mechi nne za kwanza dhidi ya Thunder, na Danuel House, fowadi wa mita 1.98, hakuonekana tena kuanzia mechi ya tatu dhidi ya Lakers kwa kuvunja masharti ya kambi. Benchi lilikuwa jembamba. Mrefu wa kweli aliyebaki ni Tyson Chandler, mita 2.13, bingwa wa 2011, lakini alikuwa na miaka 37.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Naamini ilikuwepo, na haikuhitaji Capela arudi. Wangeweza kukataa kubadilishana kila mara Davis anapohusika. Tucker angebaki na Davis hata kama LeBron anapata nafasi ya mtupo wa mbali, mtupo ambao ni afadhali kuliko Davis akiwa ndani na gadi. Wangepoteza pointi tatu hapa na pale. Lakini wangekuwa na mgongo mmoja wa uhakika chini ya kikapu kila mtupo unapoondoka. D'Antoni aliuamini mfumo kwa ukamilifu wake, na ninamheshimu kwa hilo, ila mfumo ulihitaji kuvunjwa sehemu moja ili usimame. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 2018, katika mechi ya saba ya fainali ya Magharibi, timu hiihii ilikosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo dhidi ya Golden State ikafungwa 101-92. Usiku wa namna ile kitu pekee kinachokuokoa ni nafasi ya pili, na nafasi ya pili ni ribaundi ya ushambuliaji. Miaka miwili baadaye walikuwa wameisogeza timu mbali zaidi na nafasi hiyo.

Yaliyofuata yalikuja haraka. D'Antoni aliondoka siku moja baada ya mechi ya tano, Morey akaondoka Oktoba, Westbrook akapelekwa Washington Desemba, Harden akaenda Brooklyn Januari. Lakers wakachukua ubingwa.

Wawili wa kisa hiki ndio wanaonifanya nishikilie nisemalo. Capela, aliyeonekana mzigo, aliongoza NBA nzima kwa ribaundi msimu uliofuata, 14.3 kwa mechi, na Atlanta wakafika fainali ya Ukanda wa Mashariki. Hapo ndipo walipokutana na Milwaukee Bucks, na katika kikosi cha Milwaukee alikuwepo P.J. Tucker, aliyehamishiwa huko Machi 2021. Mita zake 1.96 zilikuwa zilezile. Safari hii mbele yake alikuwa na Brook Lopez na Giannis Antetokounmpo, kwa hiyo hakulazimika kuwa senta, alilazimika kumpa mgongo mtu mmoja tu kwa wakati. Milwaukee walimtoa Capela na wenzake kwa mechi 4-2, kisha wakachukua ubingwa, na Tucker akavaa pete ya ubingwa akiwa na miaka 36.

Houston nao walirudi kwao. Msimu wa 2024-25, chini ya kocha Ime Udoka, waliongoza ligi kwa ribaundi za ushambuliaji, mara nyingi wakiwachezesha Alperen Şengün na senta mwingine kwa pamoja. Senta huyo mwingine ni Steven Adams. Walishinda mechi 52. Raundi ya kwanza ya mtoano wakapangwa na Golden State, timu nyepesi ya watupaji, wakafika mechi ya saba na kufungwa 103-89, Buddy Hield akitupia pointi tatu mara tisa. Adams alikuwa chini ya ringi, mgongo tayari, na mipira ile tisa haikugusa hata chuma.